Lile "Ji" Nililoitikia Bila Kuelewa

Jeddah, kituo cha mabasi,
asubuhi.

Mpendwa mke wangu, Mama Wakio,

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa penseli, juu ya goti, katika daftari ambalo kurasa zake za mbele zimejaa maneno ya Kiurdu, na benchi nililokalia linatikisika kila mara mtu wa upande wa pili anapobadili mguu. Wewe ulinizoea nikiandika mezani kwa kalamu ya wino, na karatasi ya kunyonyea wino kando yangu, kama tulivyofundishwa misheni. Leo sina meza, na hata ningekuwa nayo nisingetulia kuikalia. Tangu niandike jina lako nimekwisha kuinuka mara nne. Basi la kurudi Riyadh linaondoka saa tano na nusu. Kabla halijaondoka kuna jambo ambalo sina budi kulitenda, na kabla sijalitenda kuna jambo ambalo sina budi kulikiri kwako.

Nilikudanganya. Sikuwa najua Kiurdu.

Bila shaka unakumbuka mwanzo wa uongo huo. Ulikuwa mwaka wetu wa pili huku, wewe ukitumika katika nyumba ile ya Al-Nuzha hapa Jeddah, mimi mlinzi kwenye lango la ghala la vigae kule Al-Sulay, Riyadh. Nchi ilituchukua sote wawili, kisha ikatuweka mbali kuliko Mombasa na Kisumu. Tulikuwa tukionana wakati wa likizo tu, na siku nyingine zote ndoa yetu ilikaa ndani ya simu, kila Ijumaa saa tisa, wewe ukiwa jikoni na madam amelala. Nyuma ya sauti yako nilikuwa nikisikia sufuria, na nyuma ya sufuria nilikuwa nikimsikia Baji Nasreen.

Wewe ndiwe uliyenieleza kwamba "baji" ni dada mkubwa kwa Kiurdu. Alikuwa mpishi wa nyumba, mjane kama mimi nilivyo leo, mzaliwa wa vijiji vya karibu na Lahore. Kiingereza hakukijua, na Kiarabu chake kilikuwa cha kupokea amri tu. Ukaniambia, "Baba Wakio, nimelala chumba kimoja na mwenzangu miezi sita na hatujaulizana hata majina ya watoto. Naona ni dhambi. Nimeanza kujifunza lugha yake." Nilikujibu kwa maneno ambayo sasa yananichoma. Nilisema kwamba mtu mwenye Kidawida cha nyumbani, Kiswahili, Kiingereza cha mapadre na Kiarabu cha kazini ana lugha za kumtosha mpaka mbinguni.

Hukubishana nami. Ulijifunza. Ulianza na unga, maji na chumvi, ukaenda kwenye maumivu ya mgongo, ukafika kwenye watoto, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa unacheka kwa Kiurdu. Hilo ndilo lililonishinda. Nilikuwa nikisubiri wiki nzima nikusikie, nawe ukipokea simu unamalizia kwanza kicheko ulichokianza na mwingine. Nilikuwa na wivu, mke wangu. Nilimwonea wivu mama wa watu aliyekuwa akikukandia unga.

Basi Ijumaa moja nikasema, "Hata mimi nimekishika. Hapa ghalani ni Kiurdu kutwa."

Ukafurahi mno. "Kweli? Hebu sema kitu!"

Nami nikasema, "Naona simu inakatika."

Ukweli ni kwamba nilijua maneno kama ishirini. Mbele, nyuma, juu, chini, polepole, basi. Ni maneno ya kumwelekeza dereva wa lori anayerudi kinyumenyume kwenye lango, na kwa maneno hayo mume hawezi kumwambia mkewe jambo lolote la maana, labda mke awe trela. Zaidi ya hayo nilijua "ji". Wenye Kiurdu hulitumia kuitikia kwa heshima: ndiyo bwana, naam, nakusikia. Nililipenda neno hilo tangu siku ya kwanza. Lilifanana nami. Padre alitufundisha kwamba kumwambia mkubwa au mgeni "sijaelewa" ni kumshitaki kwamba amesema vibaya, nami nikakua nikiitikia. Nimeitikia mahubiri, nimeitikia mikataba, nimeitikia madaktari. Ghalani nikawa naitikia "ji" kutwa, na watu wakaniona mzee mwenye adabu.

Tena Kiurdu chenyewe kilinihadaa. Ukikisikia kwa mbali unadhani ni ndugu aliyepotea. Kina kitabu, kina dunia, kina habari na wakati, kina chai na duka na barafu. Nilikuwa nikiketi kibandani langoni, wale vijana wakizungumza, neno moja nililolijua likipita katikati ya hamsini nisiyoyajua, kama mtu wa kwetu anayepita katika soko la ugenini. Nikawa najidanganya kwamba kwa kuwa namjua yule mmoja, nalijua soko zima.

Nakuomba uniwie radhi, sasa sina budi kumtaja Wakio. Najua tulikubaliana tusimtaje. Hapana, nimesema uongo tena: mimi ndiye niliyekataza, nawe ukanyamaza. Binti yetu alipoacha chuo cha ualimu na kuolewa na fundi wa pikipiki wa Voi, alinipigia simu aniombe baraka. Nilikuwa nimesimama juani, lori linapiga honi nyuma yangu, nikamwambia maneno ambayo hakuna padre aliyenifundisha: "Usinipigie tena mpaka nikupigie mimi." Naye, kwa kuwa tulimlea atii, akatii. Kila ulipoanza kusema "Mtoto wako..." nilikukatiza. Nilikukatiza kwa upole, kwa maneno mazuri, lakini nilikukatiza. "Tuliache hilo, Mama Wakio. Habari za afya yako?" Mpaka siku ile afya yako ilipokuwa ndiyo habari yenyewe.

Kifua kilikubana ukalazwa. Madam, Mungu ambariki kwa hilo, alimruhusu Baji ashinde nawe hospitalini. Jumatatu tulizungumza kidogo, pumzi ikikupungukia, ukaanza, "Baba Wakio, yule mtoto..." nami nikasema pumzika kwanza. Jumanne mchana simu yako ikalia kibandani kwangu, lakini sauti haikuwa yako. Alikuwa Baji. Alizungumza kwa Kiurdu, taratibu, kama mtu aliyetumwa na anayeogopa kusahau. Alizungumza muda mrefu. Langoni kulikuwa na malori mawili, nikawanyoshea madereva mkono wasubiri, nikasimama wima kama nimeitwa mbele ya darasa.

Nikasema, "Ji."

Akaendelea. Nikasema, "Ji, ji." Nilisikia dawa. Nilisikia wakati. Nikaunga maneno hayo mawili kwa akili yangu mwenyewe, nikafarijika kwamba unakunywa dawa kwa wakati. Kuna neno jingine alilokuwa akilirudiarudia, "beti", sikulijua. Nilifikiri labda ni kitanda, labda ni jina la muuguzi. Mwishoni akauliza jambo, maana sauti ilipanda, akangoja. Alingoja kwa muda mrefu, mke wangu. Ningeweza kumwita kijana yeyote wa pale ghalani anitafsirie. Lakini wote walikuwa wakiniangalia, nami nilikuwa nimekwisha kukuambia kwamba nakijua.

Nikasema, "Ji, Baji. Ji."

Akashusha pumzi, akanishukuru, akakata. Alhamisi ulifariki.

Nilikupeleka nyumbani milimani, kama unavyojua ikiwa huko uliko mnajua mambo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, akina mama wa kanisani wakaimba. Wakio alisimama ng'ambo ya kaburi, mtoto mchanga mgongoni, akinitazama usoni bila kuondoa macho. Niliona ni kiburi. Watu walipopanga mstari wa kutoa pole naye akaja, akanipa mkono, akaushikilia mkono wangu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alikuwa anangoja nimwambie neno. Nami nikamwambia binti yangu mwenyewe, kwenye mazishi ya mama yake, "Asante kwa kuja."

Sikuuliza hata jina la mtoto. Nikarudi Riyadh, nikaketi kibandani.

Pale ghalani yuko mtu aitwaye Bashir, mwendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, ndevu nyekundu za hina, mdomo usio na breki. Huniita "Master Sahib" kwa sababu ya miwani na Biblia. Wiki niliyorudi alinijia na gilasi ya chai, akanipa pole kwa Kiurdu, pole ndefu yenye mikono na machozi. Nikaitikia nilivyozoea. Alipomaliza akanitazama.

"Master Sahib, umeelewa?"

"Ji."

"Haya, niambie nimesema nini."

Nikaigeuzageuza gilasi ya chai. Akaangua kicheko, kisha akaona uso wangu, akakimeza. Akasema kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza, "Mzee, kutojua mafi mushkila, si tatizo. Mimi nilizaliwa katika Kipashto, Kiurdu kiliniingia kwa kiboko cha mwalimu. Yule mpaka rangi ni Mbengali. Karani anatoka Kerala. Kijana wa mapaleti ni Mnepali. Hakuna hata mmoja hapa aliyenyonya Kiurdu kwa mama yake. Hata bosi akitaka twende mbio anatuita kwa Kiurdu! Tumekiokota sote. Wewe ndiye uliyekaa umekitazama."

Nilikumbuka kibao cha misheni, kile alichovikwa shingoni mtoto aliyekamatwa akisema Kidawida, akakibeba mpaka ampate mwingine wa kumvika. Nikamweleza Bashir. Akajipiga kofi gotini. "Basi sisi tulisoma shule moja!"

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na umri wangu huu, kuwa mwanafunzi. Kila siku wakati wa chai niliketi juu ya kreti la vigae na daftari hili. Naomba uamini kwamba mwanzoni sikuwa nikitafuta chochote. Nilitaka tu kuingia katika chumba ulichokuwa ukichekea. Nilijifunza unga, maji na chumvi, kwa sababu huko ndiko ulikoanzia. Na nilipokuwa na maneno kidogo nikaanza kukiona Kiurdu mahali nilipokuwa nimepita miaka mingi nikiwa kipofu: kwenye vibao vya vinyozi wa mtaa wa Malaz, kwenye vioo vya hoteli za wali, kwenye malori, herufi zake zimelala zikiteremka kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Kumbe nilikuwa nikiishi katika mji ambao nusu ya maneno yake sikuyasikia.

Bashir si mwalimu mwenye mpangilio. Siku moja alikuwa ananiambia habari za kwao, kwamba mwanawe wa kike amefaulu mtihani. "Meri beti," akasema, akijipiga kifua. "Binti yangu!"

Penseli ilinitoka mkononi.

"Nini, Master Sahib?"

"Umesema beti ni nini?"

"Binti. Mtoto wa kike. Nilikuwa sijakufundisha?"

Tangu siku hiyo sijatulia, Mama Wakio. Nalala, naamka, nafungua lango, nafunga lango, na sauti ya Baji inazungumza kichwani mwangu bila kukoma, nami nachota neno hapa na neno pale kama mtu anayeokoa vyombo ndani ya maji ya mafuriko. Binti, binti, binti. Ulimtuma aniambie nini? Na mimi nilikubali nini? Ningeweza kumpigia Baji simu, lakini nilijua mimi na simu tulivyo. Kwenye simu ningesema "ji" tena. Nilitaka nimsikie uso kwa uso. Nikajiambia, acha nijifunze zaidi kwanza, nisimwaibishe. Haya nayo yalikuwa maneno mazuri ya kujificha. Nilijificha ndani ya daftari hili zaidi ya mwaka mmoja.

Wiki iliyopita Rehema akaniletea ujumbe wa sauti. Unamkumbuka, binti wa Kisauni aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani, ambaye ulimfundisha kushona vifungo. Alisema, "Shikamoo baba. Nakwambia mapema usije ukanilaumu. Baji Nasreen anakwenda kwao Jumapili, na harudi tena, halas. Kama wataka kumuaga, njoo sasa."

Nikaenda kwa bosi nikiwa nimekwisha kutunga hotuba ya kuomba ruhusa. Hakungoja iishe. "Siku tatu, mzee. Yalla, nenda." Bashir ndiye aliyelishika lango langu. Aliponisindikiza kwenye basi alinishika bega. "Usimwambie ji hata mara moja. Umesikia?"

"Ji," nikasema, kisha sote wawili tukacheka, mimi kwa hofu.

Safari ilichukua siku nzima, na jangwa halina kitu cha kumtuliza mtu. Msaidizi wa dereva alikuwa akigombana na shemeji yake kwa simu, kwa Kiurdu, habari ya ng'ombe aliyeuzwa bila yeye kuulizwa. Kilomita mia mbili zilipita kabla sijatambua kwamba naelewa. Niliona haya kama mtu aliyekamatwa akichungulia dirishani, nikageuza uso. Halafu nikalia kidogo, nadhani kwa ajili yako, labda na kwa ajili ya ng'ombe.

Jana asubuhi nikafika Al-Nuzha. Lango ni lile lile la kijani. Madam aliruhusu tuzungumze hapo langoni, Rehema akiwepo. Baji amezeeka. Alijifunika vizuri, akasimama ndani, nami nikasimama nje, jua likinipiga kisogoni. Nilikuwa nimeandika salamu ukurasa mzima. Zote zikanipotea, likabaki lile nililokuwa nimekuja nalo.

"Baji, mujhe maaf kijiye. Us din main kuch nahin samjha." Nilimwomba anisamehe, nikamwambia kwamba siku ile sikuelewa kitu.

Akaweka kiganja mdomoni. "Lakini ulisema ji!"

"Nilisema."

"Si mara moja! Nilikuuliza mwishoni, 'Unaahidi?' Ukasema ji!"

"Sikuelewa, Baji."

"Hata neno moja?"

"Mawili. Dawa na wakati."

Rehema, ambaye naye ameokota Kiurdu cha jikoni, akashika kichwa. "Mzee wangu! Miaka yote hii?"

Nikamwambia Baji, "Tafadhali niambie tena. Ahista." Hilo neno la polepole nililijua zamani, tangu kwenye malori. Naye akaniambia, polepole, na kila nisipoelewa niliinua mkono, akarudia. Nakuandikia kama alivyosema.

"Mkeo alinishika mkono akasema, 'Baji, mpigie Baba Wakio. Mwambie ampigie binti yetu. Alimkataza asipige mpaka yeye apige, na yule mtoto ana kichwa kama cha babake, hatapiga hata miaka kumi ipite. Mwambie dawa haitanifaa kitu kama jambo hilo halijaisha, wakati wangu ni mfupi.' Mimi nikamuuliza, 'Si mumeo? Mwambie mwenyewe.' Akasema, 'Kwa lugha yetu atanikatiza. Kwa Kiurdu hawezi kunikatiza. Ni mtu wa adabu, atakusikiliza mpaka mwisho, na atasema ji.'"

Niliinua mkono, akairudia hiyo ya mwisho.

"Nikamuuliza," Baji akaendelea, "'Na kama hataelewa?' Akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja kutugombeza. Akasema, 'Ataelewa baadaye.'"

Kumbe ulijua. Ulijua tangu ile "simu inakatika" ya kwanza. Nimezunguka kituo hiki cha mabasi tangu kulipokucha nikijaribu kukukasirikia, nami nashindwa, halafu nakasirika kwa kushindwa. Ulichukua uongo wangu na adabu yangu, vitu viwili nilivyojifichia kwa miaka, ukavifunga pamoja ukavitumia kama kamba. Ningependa kukuuliza kama uliona vyema kunifanyia hivyo. Ningependa kusikia jibu lako kwa lugha yoyote.

Lakini haikuishia hapo. Nilipomwambia Baji ahsante, hakuniachilia. Alisema kwamba alipokuletea lile "ji" langu, ulimwomba simu, ukampigia Wakio. Baji hakuelewa Kiswahili chenu, ila alimsikia binti yetu akilia na wewe ukilia, mkicheka pia. Kisha ukamwambia, "Nimemwambia mtoto kwamba babake amekubali. Atapiga." Na ukalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu uingie hospitalini.

"Kwa hiyo alifurahi?" nikamuuliza.

"Alifurahi. Mtoto naye alifurahi." Akanitazama. "Hukumpigia?"

"Sikumpigia."

Mama yule mpole aliyekuwa ameinamisha macho tangu mwanzo akalisukuma lango kwa mikono miwili, likagonga. "Bhai sahib! Kaka yangu! Mimi naondoka Jumapili. Kwetu wataniuliza nimeacha nini Saudia. Unataka niseme nimeacha ahadi ya mtu imesimama langoni?"

Rehema akaongeza, "Na Wakio je, baba? Ulikutana naye mazikoni. Alikuwa akijua kwamba umekubali."

Ndipo nikauelewa ule mkono uliocheleweshwa kwenye mstari wa pole. Macho yale ng'ambo ya kaburi hayakuwa na kiburi. Alikuwa mtoto aliyeahidiwa kitu na mama yake, amekuja kukipokea. Nami nikampa "Asante kwa kuja." Na baada ya hapo akarudi Voi akaendelea kungoja, kwa sababu nilimwamuru angoje.

Sasa ni saa nne na robo. Nimekunywa chai mbili. Namba yake iko kwenye jalada la nyuma la Biblia, haijawahi kutoka hapo. Nimeunda sentensi za kuanzia kwa Kiswahili, nikazifuta, nikazijaribu kwa Kidawida, nikazifuta. Mzee mmoja wa Kihindi aliye kando yangu ameniuliza kama naumwa, nami, nisamehe, nilikaribia kumwambia ji. Naiweka penseli chini.

Naishika penseli tena. Nimepiga.

Iliita mara mbili tu. Kabla sijafungua mdomo nikasikia, "Baba?" Halafu, "Baba, umekawia."

Nikasema, "Naomba radhi, mwanangu." Nilikuwa na mengi zaidi, lakini ndiyo hayo yaliyotoka.

Akaanza kuzungumza mbio mbio, huku analia, na nyuma yake pikipiki inajaribiwa, inaunguruma. Sikusikia hata nusu. Nami, mke wangu, nikauhisi mdomo wangu ukijiandaa kwa mazoea ya umri mzima: naam mama, ndiyo, ndiyo. Nikauzuia.

"Wakio, sijaelewa," nikasema. "Rudia."

Akamwita mumewe aizime pikipiki. Akarudia: "Nilikuwa nikisema, mama aliniambia utapiga. Simu hii imevunjika mara mbili, mume wangu akataka tununue laini mpya ya bei nafuu. Nikamkatalia. Nikamwambia, baba anaijua hii."

Nilisimama, nikaketi, nikasimama.

Kisha akasema, "Yupo hapa mwenye jina la mama. Anataka kukusalimu." Nikasikia pumzi ya mtu mdogo karibu mno na simu, halafu maneno mengi, ya haraka, yenye mate, kwa lugha ambayo hata Bashir asingeniandikia daftarini. Nilimwambia, "Sijaelewa, mama. Rudia." Akarudia lile lile, kwa sauti kubwa zaidi, kama anazungumza na kiziwi. Nikasema tena sijaelewa. Akarudia. Watu wote wa benchi hili wamenisikia, na sikuona haya.

Basi langu limeingia. Nakuaga hapa, mpenzi wangu, nisije nikaachwa. Ulale tena ule usingizi wa siku ile. Uliupata kwa neno langu la uongo. Leo nimelifanya la kweli.

Ni mimi, mumeo,
baba yake Wakio.